Usizioshe noti za babu yako

Ndugu yangu wa Ngamiani, nimekuelewa: katika kasha la marehemu babu yako umekuta noti za rupia, fedha ya koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, moja ya 1905 na kadhaa za 1916, nawe unataka kuziosha na kuzipiga pasi kabla ya kumwonyesha mnunuzi. Nakusihi usifanye hivyo, kwa kuwa noti iliyooshwa hupoteza ukakamavu wa karatasi, na mkusanyaji mzoefu huitambua mara tu anapoishika.

Umri peke yake haupandishi bei. Noti za 1916 zilichapwa humu humu koloni wakati wa vita, manowari za Uingereza zilipokuwa zimefunga njia ya bahari, na zile za rupia moja zimebaki nyingi. Ile ya 1905, iliyochapwa Ujerumani, ni adimu zaidi, hasa ikiwa haina mikunjo, matundu ya pini wala alama za gundi. Chunguza pia sahihi na namba, maana hizo hutenganisha matoleo.

Zipige picha pande zote mbili, ulinganishe na bei zilizolipwa kweli minadani, wala usimwachie mtu noti yenyewe bila kupewa stakabadhi ya maandishi. Ile ya 1905 ipeleke kwanza kwa mthamini asiyekusudia kuinunua.