Kutoka Boxer 150 kwenda R6: jibu kwa mdogo wangu wa Tabora

Mdogo wangu, umeuliza kama miaka miwili ya kuendesha Boxer inatosha kuhamia Yamaha R6, pikipiki ya michezo yenye kasi kubwa. Haitoshi, nakuambia kwa kukupenda.

Usidanganywe na ujazo wa injini yake, cc 599. Injini ile ina silinda nne, na nguvu zake zimekaa juu kabisa: mvuto mkubwa unaupata kwenye mizunguko 10,500 kwa dakika, na kilele cha nguvu ni 14,500, karibu nguvu za farasi 118. Chini ya hapo utaiona ya kawaida tu, hata unajiuliza sifa zote zile za nini. Ukizidi kufungua mafuta, ghafla inabadilika kama imeamshwa. Gia ya kwanza peke yake inapita kilomita 100 kwa saa! Boxer yako ukikosea mkono inakusamehe. Hii, gurudumu likirushwa na tuta kidogo, kiganja kinavuta mafuta bila wewe kutaka.

Halafu barabara zetu. Lami ya kwenda Nzega ni nzuri, lakini kuna matuta, mbuzi, na baiskeli za mkaa zisizo na taa. Ekzosi (bomba la moshi) ya R6 imelala chini ya injini, kwa hiyo tuta refu linaikwaruza.

Anza na ya cc 250 au 300, mwaka mzima, ujifunze kushika breki ya mbele taratibu kwa vidole viwili. Na nunua helmeti kamili inayofunika kidevu kabla ya pikipiki yenyewe, tafadhali sana.