Kwa mhariri mgeni: usianze na nukta na mkato

Kazi ya kwanza niliyokabidhiwa nilipoajiriwa kuwa mhariri msaidizi ilikuwa makala ya kurasa 14 kuhusu kilimo cha mwani Zanzibar. Niliikalia siku nne. Nilisahihisha upatanisho wa ngeli, nikatenganisha kila "kwahiyo", nikapunguza "ambayo" zilizorundikana, na nilipoirudisha kwa mhariri mwandamizi nilikuwa na hakika kwamba halikubaki kosa hata moja. Aliisoma kwa robo saa, kisha akaniuliza: "Mwandishi wako anataka kutuambia nini?" Sikuwa na jibu, ingawa jibu lenyewe lilikuwamo, ukurasa wa 9.

Makala ilianza kwa kueleza Zanzibar iko wapi, ikaingia katika historia ya karafuu, ikataja aina za mwani, ikaeleza namna ya kupigilia vigingi na kufunga kamba, kisha ikarudi nyuma kusema kwamba kilimo hicho cha biashara kilianza mwaka 1989 katika pwani ya mashariki, Paje na Jambiani. Ukurasa wa 9 ndipo alipojitokeza mama mmoja wa Paje aliyesema kwamba kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri kuliko aina nyingine iitwayo spinosamu, hufa maji ya pwani yanapopata joto, na kwamba kuupeleka kwenye kina ambako maji yamepoa kunataka chombo na kujua kuogelea, ilhali wakulima wengi ni wanawake ambao hawakufunzwa kuogelea. Habari ilikuwa hiyo. Kurasa nane za mwanzo mwandishi alikuwa akipasha misuli tu.

Mhariri yule hakunipa nadharia. Alinipa karatasi tupu na kunitaka niandike, kwa kila aya, sentensi moja inayosema aya hiyo inafanya kazi gani. Zingatia neno "kazi": ukiandika "inahusu karafuu" hujajibu, kwa kuwa swali ni kwa nini msomaji aambiwe habari za karafuu hapo alipofika. Aya zilikuwa 31. Tatu zilisema jambo lile lile kwa maneno tofauti, na tano sikuweza kuziandikia chochote, jambo ambalo mwanzoni nilidhani ni upungufu wangu.

Baada ya hapo kuhamisha kulikuwa kwepesi. Mama wa Paje alikuja mwanzo. Mwaka 1989 ulishuka hadi pale msomaji anapoanza kujiuliza kazi hii ina umri gani. Maelezo ya vigingi na kamba, ambayo nilitaka kuyafuta kwa kuyaona ya kitaalamu mno, yaliwekwa kabla tu ya habari ya kina kirefu, kwa sababu msomaji asiyemwona kwanza mkulima akitembea kwa miguu hadi shambani mwake wakati wa bamvua, maji yamekupwa, hawezi kuelewa kina kirefu kinamnyima nini. Makala ikabaki kurasa 8. Sentensi nyingi nilizozisafisha kwa siku nne zilikuwa zimeondoka, nukta na mkato zake zikiwa mahali pake barabara.

Ukishahamisha aya, rudi ukague viungo. "Kama tulivyoona hapo juu" huenda sasa inaelekeza chini, na "mama huyo" huenda hajatajwa bado.

Lingine ni kwamba mhariri hupendekeza, lakini anayeandika upya ni mwandishi. Mwandishi wa riwaya Harper Lee alipopeleka mswada wake kwa mchapishaji nchini Marekani mwaka 1957, ulimhusu mwanamke mtu mzima anayerudi kwao. Mhariri wake, Tay Hohoff, alimwongoza kuuandika upya mara kadhaa, na riwaya iliyotoka mwaka 1960, To Kill a Mockingbird, ikawa inasimulia utoto wa mhusika yule yule. Mswada wa awali ulichapishwa mwaka 2015, na atakayevisoma vyote viwili ataona kwamba kilichobadilika zaidi ni mahali pa kusimama msimulizi.

Mimi sikuwa na subira hiyo. Nilikata sehemu yote ya historia bila kumuuliza mwandishi, naye akanipigia simu akiwa amekasirika. Alikubali karafuu ziondoke, lakini akanionyesha kwamba ndani ya aya zile kulikuwa na sentensi mbili kuhusu wanawake wa pwani ile waliokuwa wakifukia makumbi ya nazi na kusokota kamba za usumba, yaani nyuzi za makumbi hayo, kabla mwani haujaja. Nilizipita kwa sababu zilikaa katikati ya karafuu. Tulizirudisha, tukaziweka karibu na mwisho, baada ya mama wa Paje kusema kwamba msimu ujao hajui atafanya nini.