Maswali na Majibu: Ganda la .303 linakatikia chemba

SWALI: Niko Alberta, Kanada. Nina leseni, na bunduki yangu ni Lee-Enfield No. 4 iliyotoka jeshini. Maganda ya risasi za .303 ninayojaza upya hukatika baada ya kupigwa mara mbili tatu: kitako kinatoka, sehemu ya mbele inabaki ndani ya chemba, yaani sehemu ya mtutu inayokaa risasi. Mwenzangu klabuni anasema nitoe kichwa cha bolti (ncha ya mbele ya kifungio kinachoziba chemba) namba 1, nitie namba 3. Nimsikilize?
— Msomaji, Alberta

JIBU: Usibadilishe kitu kabla ya kupima, na usipige risasi nyingine hadi upime. Ganda likipasuka, gesi ya moto hurudi nyuma kuelekea usoni.

Hedispesi ya .303 ni mwanya ulioachiwa ukingo wa kitako cha ganda kati ya uso wa bolti na mtutu. Vua pini inayopiga risasi na springi yake, safisha chemba na uso wa bolti, tia geji (kipande cha chuma cha kupimia mwanya huo), kisha funga bolti kwa kidole kimoja, bila kulazimisha. Kwenye geji ya inchi 0.064 (mm 1.63) lazima ifunge. Kwenye 0.074 (mm 1.88), kikomo cha jeshi, isifunge kabisa. Ikifunga kwenye 0.067, kikomo cha kiraia, lakini ikakataa 0.074, bado iko ndani ya kipimo cha jeshi.

Ikipita hapo, ndipo kichwa kirefu zaidi kinapohitajika. Namba ni 0 hadi 3, na kila hatua huongeza takriban inchi 0.003. Lakini usiiamini namba iliyogongwa: pima kwa maikromita, kwa sababu namba 2 fulani huweza kuwa sawa na namba 1 nyingine. Linganisha pia namba ya bolti, nyuma ya mkono wake, na ya bunduki. Bolti ya kuokoteza huenda isikae sawasawa kwenye makomeo yanayoishikilia inapofungwa. Namba 3 nayo ikimeza 0.074, bunduki hiyo ipumzike.

Hata hivyo, tunashuku chanzo ni ujazaji wako. Chemba za kijeshi zilikatwa pana ili risasi yenye matope iingie. Ikilipuka, sehemu ya mbele ya ganda hung'ang'ania kuta, kitako hurudi hadi kwenye bolti, na shaba hunyooka juu kidogo ya kitako. Ukilirudisha ganda lote kwenye umbo la kiwandani, bega linasukumwa nyuma na shaba inanyooshwa tena. Bana shingo ya ganda peke yake, na maganda hayo yatumike kwenye bunduki hiyo hiyo tu.

Kabla ya kujaza, tafuta mstari unaong'aa kuzunguka ganda, karibu sentimita moja juu ya ukingo. Kisha pinda ncha ya waya mwembamba, uikwaruze ndani kutoka chini kwenda juu. Ikinasa kwenye kijifereji, tupa ganda hilo.

SWALI: Yangu ni No. 1 Mk III, aina waliyobeba askari wa Keya. Mbona kichwa cha bolti hakina namba?

JIBU: Vichwa vya No. 1 havikupangwa kwa namba. Fundi hujaribu kimoja kimoja kwa geji hadi apate kinachokaa.