Maswali ya Wavuvi: Chambo Bandia, Besi wa Naivasha na Mbasa wa Kyela

Ndugu mhariri, kaka yangu amenitumia kisanduku cha chambo bandia za kuvulia besi. Wiki ya tatu sasa nazirusha kwenye bwawa huku Mufindi, sijapata hata mguso. Nibadili rangi? (Msomaji, Mafinga)

Rangi haina kosa, ndugu yetu. Mabwawa mengi ya huko yana perege, na perege hula mwani na vitu laini. Kumfukuza samaki mwenzake si kazi yake. Besi ni mwindaji mwenye mdomo unaopita nyuma ya jicho, humeza samaki wadogo, vyura na kamba, na chambo hizo zimetengenezwa kumchokoza yeye. Kwa perege rudi kwenye ndoano ndogo namba 10 au 12, boya jepesi, na mnyoo wa ardhini au kidonge cha ugali kilichokandwa kikashikana. Kambale naye hutafuta chakula kwa harufu na sharubu, kwa hiyo mpe nyama au minyoo, chini kabisa.

Katika kisanduku hicho tunza spina (chambo zenye kibati kinachozunguka) ndogo za gramu 3 hadi 5. Ukipata ruhusa kwenye kijito cha baridi chenye trauti, samaki mwindaji wa maji ya milimani, hizo zitakufaa. Omba kwanza, maana maji ya mashamba ya chai yana wenyewe.

Mwezi ujao naenda Ziwa Naivasha, Kenya, kwa shemeji yangu, na nataka kumvua huyo besi. Nibebe chambo zipi, na mnyoo wa plastiki unafungwaje? Nimejaribu mara mbili hapa nyumbani, unakaa kama upinde. (Msomaji, Mbeya mjini)

Besi asili yake ni Amerika Kaskazini. Naivasha alipandwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Ziwa liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo baridi ya asubuhi hutaishangaa. La kukumbuka zaidi ni chakula chake. Besi mkubwa wa Naivasha hula sana kamba mwekundu wa Louisiana, aliyeletwa ziwani mwaka 1970. Ndiyo maana tunakushauri rangi ya kahawia au nyekundu iliyoiva, na chambo inayotembea chini.

Chambo tatu zinatosha: mnyoo wa plastiki wa sentimeta 15 hadi 18, samaki wa plastiki mwenye ulimi mbele unaomzamisha anapovutwa, na chambo ya kuelea yenye mdomo uliobonyea kwa saa moja ya kwanza ya alfajiri, maji yakiwa yametulia. Ukilazimika kubeba moja tu, beba mnyoo.

Kuufunga ni hivi. Pitisha kwanza kwenye mshipi chubwi dogo lenye umbo la risasi, gramu 5 hadi 7, ncha yake ikielekea kwenye ufito. Kisha funga ndoano namba 3/0, ile yenye shingo iliyopinda. Kunja sentimeta 15 za mshipi ziwe mbili, pitisha kitanzi kwenye tundu la ndoano, piga fundo la kawaida bila kukaza, ingiza ndoano nzima ndani ya kitanzi, lowesha kwa mate, ndipo ukaze. Ukikaza fundo kavu, msuguano huunguza nailoni, na samaki mzuri ataondoka na ndoano yako.

Sasa mnyoo. Choma ncha ya ndoano katikati ya kichwa chake, ingia nusu sentimeta, tokea ubavuni. Sukuma kichwa kipande juu mpaka kwenye tundu la ndoano, kisha igeuze ndoano itazame mwili wa mnyoo. Hapa ndipo wengi wanapokosea, na upinde wako umetoka hapa: wanachoma kwa kukisia. Iache ndoano ining'inie kando ya mnyoo, tazama kikunjo chake kimegusa wapi, weka alama kwa ukucha, ndipo uchome palepale. Ncha ibaki imejificha chini kidogo ya ngozi ya plastiki, isinase magugu. Mnyoo ukinyanyuliwa uning'inie wima kama uzi wa fundi mwashi. Ukiwa na kikunjo hata kidogo utazunguka majini, utasokota mshipi, na besi atauacha.

Rusha pembeni ya mafunjo au kwenye upenyo wa magugu maji. Acha uzame mpaka mshipi ulegee. Nyanyua ufito taratibu kutoka namba 9 hadi namba 11, kama mshale kwenye uso wa saa ya ukutani, kisha ushushe huku ukikusanya ulegevu tu. Tazama mshipi pale unapoingia majini, kwa sababu besi mara nyingi huudaka mnyoo ukiwa unashuka: mshipi utaruka kidogo, au utaanza kwenda kando bila upepo. Shusha ncha ya ufito, kusanya ulegevu, kisha vuta kwa nguvu mara moja, kwani ndoano lazima ipasue plastiki kwanza. Mshipi wa milimita 0.30 ndio kadiri. Mwembamba zaidi hukatwa na mafunjo.

Yule wa ulimi mvute mpaka ausikie udongo. Akigonga kitu, simamisha mkono kwa sekunde moja. Mara nyingi hapo ndipo anapodakwa. Wavuvi wapya hubadili rangi mara kumi kabla hawajabadili kina. Anzeni na kina, kisha kasi. Kibali ukate kabla ya kuvua, na jioni usitembee kwenye nyasi za ufukweni, viboko hutoka majini saa hizo.

Nataka kupanda besi kwenye bwawa langu la perege. Vifaranga nitapata wapi? (Mfugaji, Njombe)

Tafadhali usifanye hivyo. Atakula vifaranga vya perege wako, na mvua kubwa ikifurika bwawa ataingia mtoni, ambako hakuna wa kumtoa. Uvuvi nchini unasimamiwa na Sheria Na. 22 ya mwaka 2003, na samaki wa kigeni haletwi bila kibali. Muone afisa uvuvi wa wilaya.

Huku kwetu Ziwa Nyasa tunavua mbasa kwa kijiko cha dukani, ile chambo ya chuma yenye umbo la kijiko, ila mshipi unajisokota mpaka unafanya vifundo. Na je, naweza kutengeneza kijiko mwenyewe? (Msomaji, Kyela)

Msokoto una sababu mbili. Ya kwanza ni kijiko kuzunguka badala ya kuyumba: punguza kasi, na funga kiungo kinachozunguka, wauzaji wengi huita swiveli, sentimeta 50 juu ya kijiko. Ya pili wengi hawaijui: kuzungusha rili (gurudumu la kukunjia mshipi) wakati samaki anavuta na breki inaachia mshipi. Kila mzungusho hapo unaongeza msokoto. Akivuta, tulia, akilegea, zungusha. Mshipi uliokwisha kuharibika ufungue chambo, uachie mita 60 nyuma ya mtumbwi unaotembea kwa dakika chache, kisha uurudishe ukipita kwenye kitambaa chenye maji.

Kijiko unaweza kukitengeneza. Chukua kijiko cha chai cha chuma kisichoshika kutu, kata mpini, piga tupa kingo zote mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa, la sivyo kitakata mshipi. Gonga alama kwa msumari milimita 4 kutoka kila mwisho, toboa tundu la milimita 2.5 kwa drili ya mwendo mdogo na tone la mafuta. Drili ikikimbia, chuma hicho hugeuka kigumu na ncha inaungua. Pete ndogo iliyopasuliwa kila tundu, ndoano kwenye upande mpana. Mbasa huwinda usipa, dagaa wa ziwa, kwa hiyo acha kingae fedha, usipake rangi.

Tumia ndoano yenye ncha moja, kimwiba chake kikiwa kimebonyezwa, si ile ya matawi matatu. Mbasa hupanda mito kama Kiwira, Mbaka na Lufilyo kutaga kwenye changarawe, na nyavu za midomoni mwa mito zimempunguza sana. Jike mwenye tumbo lililojaa mfungue akiwa bado majini, kwa mikono iliyolowa. Usiingie mtoni kiunoni kwa ajili hiyo, mamba wapo. Fanyia kazi juu ya mtumbwi au jiwe.

Kabla ya kukirusha mbali, kivute kijiko chako pembeni kwa mkono, mita moja tu. Kikiyumba kushoto na kulia kama usipa aliyeumia, kimekubali. Kikizunguka mviringo, rekebisha kidogo kikunjo chake cha katikati kwa koleo, ujaribu tena.