Kugongwa kifundo cha mkono bila kusikia kitu hakumaanishi neva yako ni nzima

SWALI: Daktari, mimi ni fundi cherehani Kibuye, Kisumu. Usiku kidole gumba, cha shahada na cha kati vya mkono wa kulia hufa ganzi mpaka niukung'ute. Kliniki moja walinigonga kifundo cha mkono, sikusikia kitu, wakasema si neva ila damu haizunguki. Nimeshadungwa sindano tatu za vitamini. Niendelee?

JIBU: Usiendelee, mama. Kugonga kifundo ili kuona kama mchomo utaruka vidoleni ni kipimo kimoja tu, tena dhaifu. Wengi ambao neva yao imebanwa pale kifundoni hawasikii chochote wakigongwa. Ungekunjishwa vifundo viganja vielekee chini kwa sekunde 60, au ukandamizwe hapo kwa sekunde 30, kisha uulizwe ganzi imeingia vidole gani. Neva hii huhudumia gumba, shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Kidole cha mwisho kikiwemo, nitakagua kiwiko. Maumivu yakishuka kutoka shingoni, nitapima shingo.

Halafu laza mkono mezani, kiganja juu, uinue gumba kuelekea dari huku mtu akilisukuma chini. Linganisha na mkono wa pili, na utazame kile kinofu cha chini ya gumba kama kimebonyea.

Hii habari ya “damu haizunguki” naisikia karibu kila siku na inaniudhi. Mkono uliokosa damu huwa baridi na hupauka. Hauchagui vidole vitatu ukaacha viwili. Na vitamini B6 nyingi, ikitumiwa muda mrefu, yenyewe huharibu neva na kuleta ganzi. Unalipa uumizwe!

Wako pia wenye mahema sokoni: unashika kirungu cha chuma, kompyuta inachapa karatasi ya magonjwa ya figo, ini na neva, kisha unauziwa dawa za mkebe. Hakuna aliyekuuliza kama una mimba au kisukari, na vyote viwili huchangia neva kubanwa. Asiyeushika mkono wako hajakupima.

Nenda kliniki ya mifupa, Hospitali ya Jaramogi hapo Kisumu. Pima sukari na tezi ya shingo (thairoidi). Kwa sasa vaa usiku kishikizo kinachonyoosha kifundo; wengine hupata nafuu kwa hicho tu, wengine huhitaji sindano ya steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe) pale kifundoni au upasuaji mdogo. Lakini usichelewe. Kile kinofu kikishakauka, hata upasuaji huenda usikirudishe, na mkasi utakuwa unakudondoka.