Uwaambie nini wanafunzi kuhusu uwakili

Mwanangu mpenzi,

Nimepata ujumbe wako. Umealikwa kuzungumza na wanafunzi wa sekondari kuhusu kazi ya uwakili, una dakika arobaini, na unaniuliza uanzie wapi: historia ya sheria, masomo yanayotakiwa, au safari yako mwenyewe hadi ulipoapishwa. Mimi nakushauri uanze na kesi. Wape kesi moja ya kweli waifanyie kazi wao wenyewe. Wakishaionja kazi, hayo mengine watayauliza bila kushurutishwa.

Ningekuwa mimi ningechukua ile ya Clarence Earl Gideon. Mwaka 1961, katika jimbo la Florida nchini Marekani, alishtakiwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa biliadi kwa nia ya kuiba. Hakuwa na fedha za kuweka wakili. Alimwomba jaji ampatie mmoja, akajibiwa kwamba kwa sheria za jimbo lile, mahakama humpa wakili mtu asiye na uwezo pale tu anapokabiliwa na kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Basi akajitetea mwenyewe, akawahoji mashahidi kadiri alivyojua, akatiwa hatiani na kuhukumiwa kifungo cha miaka 5. Akiwa gerezani akaandika kwa penseli ombi kwenda Mahakama ya Juu ya nchi. Mwaka 1963 majaji wote 9 wakakubaliana naye: anayeshtakiwa kwa kosa kubwa, kama hana uwezo wa kuweka wakili, lazima apewe. Kesi yake ikasikilizwa upya, safari hii akiwa na wakili.

Hapo nyamaza kidogo, kisha waulize: mshtakiwa ni yule yule, jengo ni lile lile, shahidi mkuu ni yule yule. Wakili ataongeza nini? Waache wabishane, hata wakipiga kelele. Ndipo uwasimulie habari za dereva wa teksi. Dereva huyo alieleza kwamba asubuhi ya tukio alimbeba Gideon, na Gideon akamwambia asimwambie mtu yeyote. Ukisikia hivyo tu, moyoni umeshamfunga. Lakini wakili wa Gideon akamuuliza dereva: je, aliwahi kukwambia hivyo siku nyingine? Dereva akakubali, tena akaeleza sababu: mtu huyu alikuwa na ugomvi na mkewe. Neno lililokuwa linanuka hatia likawa jambo la nyumbani kwake. Wananchi walioteuliwa kuamua kesi walijadiliana kwa muda wa saa moja hivi, wakamwona hana hatia.

Wasisitizie kwamba swali kama lile halishuki kutoka mbinguni. Wakili yule alikuwa amechunguza kabla ya siku ya kesi, akaongea na watu, akajua nani atasema nini. Vijana wengi wanaijua kazi yetu kupitia filamu: mtu amevaa joho, anapaza sauti, ukumbi mzima unashangaa. Waambie ukweli kwamba sehemu kubwa ya kazi ni kusoma na kuandika. Unasoma mkataba wenye kurasa nyingi ukitafuta kifungu kimoja kitakachomuumiza mteja wako baadaye. Unaandika hati ambayo kosa dogo la tarehe linaweza kuiangusha.

Na kusikiliza. Hili usilipite haraka, kwa sababu halimo katika filamu yoyote. Mteja mwenye hofu hakuanzii na jambo lenyewe. Atakueleza habari za jirani, za shemeji, za barua aliyoichana, na lile linalobeba kesi nzima atalitamka akiwa amesimama, mkono mlangoni. Asiyejua kusikiliza humwacha aende nalo.

Katika darasa hilo atakuwepo mtoto mpole, msomaji, aliyekwisha kujiambia kwamba uwakili ni wa wasemaji hodari. Huyo mtafute. Msimulie habari za Gandhi, aliyepokelewa katika uwakili jijini London mwaka 1891. Kesi yake ya kwanza huko Bombay, alisimama amhoji shahidi wa upande wa pili na maneno yakamkauka. Akaketi, kesi ikaenda kwa wakili mwingine. Miaka miwili baadaye alikwenda Afrika Kusini kwa ajili ya shauri kati ya wafanyabiashara wawili. Akajifunza utunzaji wa hesabu ili aelewe vitabu vyao, akayajua madai kwa undani, kisha akawashawishi wote wawili wapeleke mgogoro kwa msuluhishi. Mteja wake aliposhinda, akamwomba akubali kulipwa kwa awamu ili mwenzake asifilisike. Upole wake haukumzuia kuwa wakili. Naamini ndio uliomfanya awaone watu wawili mahali ambapo wengine waliona kesi tu.

Sasa, lipo swali utakaloulizwa, utake usitake: unawezaje kumtetea mtu unayejua ametenda? Usilikwepe wala usilijibu kwa mzaha, maana linatoka kwenye dhamiri safi ya mtoto. Anza kwa kumwambia kwamba mara nyingi wakili hajui. Anajua alichoambiwa, na anayeamua ni mahakama. Tangu Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, ibara ya 11, mataifa yamekiri kwamba mshtakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe kisheria, katika kesi ya wazi ambamo amepewa kila dhamana inayohitajika kwa utetezi wake. Utetezi bila mtetezi ni maneno matupu.

Halafu mweleze mipaka. Wakili hatungi uongo, hamfundishi shahidi kudanganya, haghushi hati. Mteja akimkiria kosa, siri hiyo anaitunza, lakini hawezi kusimama mbele ya jaji akamleta shahidi ambaye yeye wakili anajua atasema uongo. Anachoweza ni kuupima ushahidi wa upande wa mashtaka, kuhakikisha sheria imefuatwa, na kuomba adhabu inayolingana na kosa. Kama muda unaruhusu, mtajie John Adams, wakili wa Boston huko Marekani. Mwaka 1770, Boston ikiwa bado chini ya ukoloni wa Uingereza, askari wa Uingereza walifyatua risasi mjini humo wakaua raia, na mji mzima ulikuwa na hasira nao. Adams, ambaye mwenyewe alikuwa upande wa wananchi, alikubali kuwatetea. Kati ya askari 8, 6 waliachiwa na 2 walitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Miaka mingi baadaye wananchi hao hao walimchagua kuwa rais wa Marekani. Mimi humheshimu zaidi kwa kesi ile kuliko kwa urais.

Masomo yaeleze kwa ufupi, kwani mwalimu wao anayajua. Lugha ni ya kwanza, na wasome vitabu nje ya mtaala. Historia inasaidia, na hisabati pia, hata kama watanuna, kwa sababu inamfundisha mtu asiruke hatua. Waambie njia ni ndefu: shahada ya sheria, kisha mafunzo ya vitendo na mitihani, na miaka na utaratibu hutofautiana nchi hadi nchi. Wajue pia kwamba shahada hiyo humtoa mtu kuwa mwendesha mashtaka, hakimu, mwandishi wa miswada, mshauri wa kampuni, mpatanishi, mwalimu. Wapo wanasheria wazuri sana ambao hawajawahi kusimama mahakamani kumhoji mtu.

Kuhusu fedha, wakikuuliza, sema kweli. Wapo wanaotajirika, na wapo wengi wanaohangaika miaka ya mwanzo wakibeba majalada ya wakubwa. Usimfiche mtoto hilo.

Acha dakika kumi za mwisho kwa maswali, na uwagawie vikaratasi waandike bila majina. Wanaoogopa kunyoosha mkono ndio wenye maswali mazito. Yale utakayoshindwa kuyajibu palepale, waahidi utawapelekea majibu kupitia kwa mwalimu wao, na uwapelekee kweli. Vikaratasi vyenyewe niletee nami nivisome.

Mama yako