"Put off" na "call off", mgeni kaahirisha au kaghairi?

SWALI: Habari za kazi mwalimu. Mi niko mapokezi kwenye hoteli moja hapa Arusha. Juzi mgeni katuma meseji "we have put off the safari", nikajua ndo wameghairi, nikafuta vyumba vyote vinne nikawapa watu wengine, wiki iliyofuata mgeni anaulizia tarehe mpya, bosi kawaka sana. Kwani put off na call off si kitu kimoja? Na mbona taa tunasema put off the light?
– Msomaji, Arusha

JIBU: Pole sana ndugu yangu, hilo limewakuta wengi. Si kitu kimoja. Put off ni kuahirisha, yaani safari ipo ila imesogezwa mbele. Call off ndo kuvunja kabisa, haipo tena.

Kinachotuponza ni kutafsiri neno mojamoja, put ni weka, off ni sijui nini, hufiki popote. We angalia Kiswahili chetu: funga na fungua, kunja na kunjua, mwisho wa neno tu umebadilika na maana imegeuka, na hakuna mtoto anayekaa kuchambua hiyo "-ua", anaishika nzimanzima. Waingereza kazi hiyo wanakipa kile kineno kidogo cha nyuma (off, out, up), so shika put off kama neno moja, na put out (kuzima moto) neno lingine, na put up with (kuvumilia) lingine kabisa.

Ya taa, huku kwetu put off the light inaeleweka vizuri tu, ila Mwingereza atasema turn off au switch off. Tena ukimsikia anasema "the smell put me off" ujue harufu imemtoa hamu, hajaahirishwa yeye!

Kitu kingine watu wanakosea sana, ukitumia "it" inakaa katikati: call it off, put it off. Call off it hakuna.

Na hapo mapokezi angalia kama kuna until, "put off until Friday", maana call off haiendi na until, kitu kikishavunjwa hakina mpaka lini. Akiandika put off halafu tarehe hajaweka, mjibu hapohapo "until when?" kabla hujagusa chumba hata kimoja.